Mlinzi Yuko Bandarini, Magendo Yanapita Bandari Bubu

*Kompyuta za siku hizi zinakuja na antivirusi yake ndani. Je, inatosha? Jibu nimelikuta kwenye meza ya steshenari moja ya Wete.*

"Ami, flashi yako imeliwa."

Kijana wa steshenari aliyasema hayo bila kuniangalia, macho yake kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa Wete mjini, kisiwani Pemba, asubuhi ya siku ya kazi, na nyuma yangu wanne wanangoja: mwanafunzi na karatasi zake za kuombea mkopo, bibi aliyeshika cheti cha kuzaliwa anachotaka kutolewa kopi, maalim aliyeleta mtihani wa muhula, na mvulana wa picha za pasipoti. Mimi nilikuwa na barua tatu tu za kuchapisha. Lakini badala ya barua, kioo kilionesha shotikati tupu, kila moja na kimshale chake pembeni.

"Imeliwa na nini?"

"Virusi."

"Vya kwangu au vya kompyuta yako?"

Akacheka. "Hilo ndilo gumu, ami. Hebu nambie, tangu juzi umeichomeka wapi na wapi?"

Nikahesabu: kompyuta ya afisini, laptopu ya mpwa wangu, steshenari nyengine kule Chake. Na yeye akahesabu yake: flashi za wanafunzi, za maalim, za afisi, za maharusi wanaochapisha kadi, zote kwenye tundu moja, kutwa nzima. Kuuliza nani kamwambukiza nani, alisema, ni sawa na kuuliza mafua ya msikitini yalianza safu gani.

Alifungua kidirisha cheusi, akaandika mstari mmoja wa amri, na barua zangu zikarudi. Kumbe hazikuliwa, zilifichwa tu, na pahala pake pakawekwa shotikati za jina lile lile. Ukibofya ukidhani unafungua barua, unakiamsha kirusi chenyewe, nacho kinahamia kwenye kompyuta kusubiri flashi ijayo.

"Antivirusi huna?" nikamuuliza.

"Ninayo. Si hii iliyokuja na Windows?" Akabofya kile kialama cha ngao pembeni mwa kioo. Ngao ilikuwa na alama ya onyo. Mara ya mwisho kupokea habari mpya za virusi ilikuwa imepita siku thelathini na nane.

Swali la kama antivirusi ya ndani inatosha huulizwa kila pahala penye kompyuta, na kwa kawaida hujibiwa kwa jina la bidhaa: nunua hii, achana na ile. Nilipotoka pale steshenari nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tunajibu swali lisilokuwa letu. Kwa mtumiaji wa kawaida, antivirusi ya ndani inatosha. Lakini inatosha kwa sharti kwamba inalishwa, na kwamba mwenye nyumba hamfungulii mwizi mlango wa uani. Wete, na penginepo pengi pa Afrika Mashariki, masharti hayo mawili ndiyo yanayotushinda.

Kauli ya mafundi iliyopitwa na wakati

Virusi vya mwanzo vya kompyuta za PC kusambaa duniani viliitwa Brain. Vilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kazi ya ndugu wawili waliokuwa na duka la kompyuta. Havikuhitaji intaneti, vilisafiri ndani ya diski laini zilizopita mkono hadi mkono. Baada ya hapo soko la walinzi likaota: McAfee mwaka 1987, Norton mwaka 1991, Kaspersky ya Moscow mwaka 1997. Kwa miaka mingi Windows yenyewe iliuzwa kama nyumba isiyo na komeo, na aliyetaka komeo alilinunua kwa mwengine.

Microsoft ilianza kubadili mwendo Disemba 2004 iliponunua kampuni ndogo iliyoitwa GIANT, yenye programu ya kusaka programu za kijasusi. Mwaka 2006 kazi hiyo ikatoka kwa jina la Windows Defender, lakini ilikuwa nusu mlinzi: iliwafukuza majasusi, virusi vyenyewe haikuvigusa. Septemba 2009 ikaja Security Essentials, ya bure, ila ulilazimika kuipakua mwenyewe. Mpaka Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 ndipo antivirusi kamili ikawa ndani ya kompyuta tangu siku ya kwanza.

Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia. Mwaka huo huo wa 2012, AV-TEST, taasisi ya Ujerumani inayozipima antivirusi, iliinyima Security Essentials cheti chake kwa sababu iliachia virusi vingi vipite. Ndipo kauli ya mafundi ikaenea, kutoka Kariakoo hadi Darajani: "Hiyo ya Windows pambo tu. Weka ya kweli."

Kauli hiyo ilikuwa na haki yake wakati ule. Kosa ni kwamba bado inasemwa leo. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa kutoizorotesha kompyuta, na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji kwa ving'ora vya uongo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, Defender imekuwa ikipata mara kwa mara 18 kati ya 18 au karibu na hapo, bega kwa bega na antivirusi zinazouzwa. Fundi anayekwambia leo kwamba ni pambo anakusomea gazeti la mwaka 2012.

Na hao walinzi wa nje nao wana yao. Antivirusi huingia kila chumba cha kompyuta na kuona kila faili, kwa hiyo unapoikaribisha unaikabidhi funguo zote. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, habari za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Juni mwaka huo huo Marekani ikapiga marufuku kuuzwa kwa Kaspersky nchini mwake, kwa hoja za usalama wa taifa. Kampuni yenyewe iliyakana madai hayo. Ukiacha siasa za wakubwa, jambo moja linabaki: mlinzi wa bure ana njia zake za kutafuta riziki, na mlinzi wa kununua huacha kupokea habari mpya leseni inapomalizika. Kompyuta ngapi za afisi zina antivirusi ya boksi iliyokufa miaka miwili nyuma, huku kila mtu akiamini ipo?

Mlinzi anayepiga simu kuuliza

Hapa ndipo hadithi ya Magdeburg, yaliko makao ya AV-TEST, inapoachana na hadithi ya Wete.

Antivirusi ya kisasa hufanya kazi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutambua sura: ina daftari la alama za virusi vinavyojulikana, na kila faili linalofunguliwa linalinganishwa na daftari hilo. Ya pili ni kuangalia mwenendo: programu inayoanza ghafla kuyafunga mafaili mia moja kwa dakika haina nia njema, hata kama sura yake ni ngeni. Ya tatu ni kuuliza. Defender inapokutana na faili inalolitilia shaka, huzituma habari zake kwenye mitambo ya Microsoft kupitia intaneti, ambako kompyuta kubwa huamua kwa nukta chache kama faili lipite au lizuiwe.

Njia hii ya tatu ndiyo iliyoipandisha Defender daraja, na ndiyo hiyo hiyo udhaifu wake. AV-Comparatives, taasisi ya Austria, hupima pia uwezo wa kutambua virusi pale kompyuta ilipokatiwa intaneti. Katika vipimo hivyo Defender imekuwa ikishuka chini ya wenzake kadhaa, ilhali ikiunganishwa inarudi kwenye kundi la mbele. Mlinzi huyu ni hodari, lakini uhodari wake unataka simu iwe na mtandao.

Sasa mlete mlinzi huyo Wete. Kompyuta nyingi za nyumbani na za maduka madogo hazina intaneti ya waya. Zinakula bando la simu kwa hotspoti. Mwenye bando hulichunga kama mwenye kisima wakati wa kiangazi. Anawasha hotspoti, anatuma fomu, anazima. Wajanja zaidi wanaiambia Windows kwamba mtandao huu ni wa kulipiwa kwa kipimo, na Windows, kwa heshima, inaacha kupakua mengi ya masasisho. Mwenye kompyuta anafurahi kwamba bando halimaliziki, bila kujua kwamba daftari la mlinzi nalo halijaongezwa jina hata moja kwa wiki tano.

Defender hupokea habari mpya mara kadhaa kwa siku, kwa sababu virusi vipya huzaliwa kila siku. Daftari la siku thelathini na nane ni sawa na askari mwenye picha za wahalifu wa msimu uliopita.

Hata anayelipa bando bila ya kusitasita hana uhakika kamili. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Tulilalamika kwamba WhatsApp haifunguki. Hatukuwaza kwamba siku zile kompyuta zetu nazo zilikuwa na mlinzi asiyepata wa kumuuliza.

Bandari bubu

Mpemba hahitaji kufunzwa magendo ni nini. Karafuu ya kisiwa hiki ina mnunuzi mmoja wa halali, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Bandari ya Wete ina maafisa wake, ina ushuru wake, ina daftari lake. Lakini kila mtu anajua kwamba gunia la magendo halipiti hapo. Linapita bandari bubu: kijia cha mikokoni, usiku, ngalawa bila taa. Ungeweka maafisa mia bandarini, lile gunia lingefika Mombasa vile vile. Kompyuta nayo ina bandari bubu zake.

Ya kwanza ni flashi. Mwishoni mwa mwaka 2008 kirusi kilichoitwa Conficker kilizivamia mamilioni ya kompyuta duniani, na moja ya njia zake ilikuwa flashi: ukiichomeka tu, Windows ya wakati ule ilikiwasha yenyewe. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuufunga mlango huo hata kwenye Windows za zamani. Kwa hivyo waandishi wa virusi wakabadili mbinu. Kama kompyuta haikiwashi kirusi, basi binadamu akiwashe kwa mkono wake. Shotikati zilizojaa kwenye flashi yangu ni watoto wa mbinu hiyo. Ulaya wengi wameshaisahau, kwa sababu huko mafaili mengi yanatumwa kwa intaneti. Kwetu flashi ndiyo ngalawa. Inabeba mitihani ya skuli, hotuba za harusi, kaswida na ripoti za afisi, na abiria wasiokata tiketi.

Defender iliyoshiba inaviona vingi vya virusi hivi, kwa sababu ni vya zamani. Lakini kompyuta moja yenye njaa katika mtaa inatosha kuwarudishia flashi chafu wote waliopita kwake.

Bandari bubu ya pili tunaifungua wenyewe, mchana kweupe. Nayo ni kukraki.

Kompyuta imepigwa fomati, Windows inadai leseni, Office inadai leseni. Mtu anatafuta programu ndogo ya kuzidanganya. Maelekezo yanayokuja nayo huanza karibu daima na sentensi moja: zima antivirusi kwanza. Defender inapiga kelele, inaitaja programu hiyo kuwa chombo cha udukuzi, na kijana anasema, "Hiyo inaogopa tu, izime." Anaizima. Anaweka. Mara nyengine hata kuiwasha tena husahau.

Hapo hakuna antivirusi duniani itakayokufaa, ya bure wala ya dola mia. Disemba 2021 watafiti wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi matoleo bandia ya KMSPico, mojawapo ya programu maarufu za kukrakia, yalivyokuwa yakipenyeza Cryptbot, mwizi wa nywila. Jamii ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, ilisambaa duniani kwa njia hiyo hiyo: programu zilizokrakiwa na funguo za bure. Kazi yake ni kuyafunga mafaili yako kwa kufuli usilokuwa na ufunguo wake na kukuachia barua ya kudai fidia. Waliolizwa zaidi walikuwa watu wa kawaida majumbani, wanafunzi na wenye maduka madogo. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kuwasaidia wengi wa waathirika, lakini matoleo mapya zaidi mara nyingi yakawa hayafunguki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisemi haya kwa kumhukumu mtu. Bei ya leseni halali ya Office kwa mwenye steshenari ya Wete ni mzigo wa kweli. Ndiyo maana inafaa kusema kwa sauti kwamba LibreOffice ipo, ni halali, haidai hata senti, na inafungua barua na majedwali ya kawaida. Aliyekraki kwa sababu ya umasikini huenda hakujua kwamba alikuwa na njia nyengine.

Kompyuta za mtumba na kiraka kilichokosekana

Kuna jambo ambalo antivirusi haiwezi kulifanya hata ikishiba: kuziba ufa wa nyumba yenyewe. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kilipita kwenye ufa ndani ya Windows. Kiraka cha ufa huo kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Waliolizwa wengi ni wale ambao hawakukiweka, na wengi wao walikuwa na Windows 7.

Kompyuta nyingi za maduka yetu ni za mtumba, zilizopita Dubai au kwengineko baada ya afisi za watu kuzichoka. Zinafanya kazi vizuri, lakini zimezaliwa kabla ya masharti ya Windows 11, ambayo inadai, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Zimebaki na Windows 10, na Windows 10 ilikoma rasmi kupata viraka vya kawaida Oktoba 14, 2025, ukiacha wale walioingia mpango wa ziada.

Kwenye suala hili pana jambo la kuchanganya linalofaa kuelezwa taratibu. Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender ya Windows 10 habari za virusi hadi Oktoba 2028. Kwa hivyo ngao itabaki kijani. Lakini kijani cha ngao kinasema kwamba mlinzi yuko macho. Hakisemi kwamba ukuta hauna ufa. Mwenye kompyuta kama hiyo asiitumie kwa mambo ya benki, wala asiweke ndani yake nakala pekee ya kitu chochote anachokipenda.

Yasiyomhusu mlinzi

Pana na mambo yasiyokuwa ya antivirusi kabisa. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hauna kirusi ndani yake. Ukurasa bandia wa ajira unaokuomba nywila hauna kirusi. Unakuomba tu, nawe unatoa. Kwa utapeli wa aina hiyo kwenye simu, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuipeleka ile namba ya tapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inamhesabu kuwa mkosaji anayesambaza virusi na anayelaghai kwa kompyuta. Lakini sheria huja baada ya msiba.

Na msiba mkubwa zaidi wa kompyuta kwetu huenda usiwe kirusi. Umeme wa Pemba unafika kisiwani kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Ni neema ukilinganisha na zama za majenereta ya Wesha, lakini umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na diski ikiungua, antivirusi itakufa nayo.

Nani anunue, nani asinunue

Kwa hiyo, anayetumia kompyuta yake peke yake nyumbani, akawa anaipa masasisho yake, hana haja ya kununua antivirusi. Pesa hiyo ainunulie diski ya nje, ahifadhi nakala ya mafaili yake.

Mwenye steshenari hali yake ni nyengine. Kompyuta yake ni kama bomba la mtaa: ikichafuka, wanaugua wengi. Antivirusi ya kununua yenye nguvu hata bila intaneti inaweza kumfaa, alimradi leseni iwe halali na ihuishwe. Lakini na yeye, kabla ya kununua, kuna manne asiyolipia hata senti.

La kwanza, bando la mlinzi. Mara moja kwa siku, hata kwa robo saa, afungue ngao na abofye pahala pa kutafuta habari mpya. Mwenye kompyuta isiyopata intaneti kabisa anaweza kupakua faili la habari hizo kwenye tovuti ya Microsoft kwa kompyuta nyengine. Lina ukubwa wa zaidi ya megabaiti 100, na moja linahudumia kompyuta zote za duka. Ndiyo, litabebwa kwa flashi. Safari hii ngalawa inabeba dawa.

La pili, flashi ya mteja ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Ibofye kwa upande wa kulia, chagua kuikagua. Na mteja mwenye simu anaweza kutuma barua yake kwa WhatsApp au barua pepe badala ya kuleta flashi, wengi wameshaanza.

La tatu, awashe kinga ya folda. Ndani ya Defender, kwenye sehemu ya virusi vinavyodai fidia, pana kitufe kinachozizuia programu zisizojulikana kuyagusa mafaili yaliyomo kwenye folda zako muhimu. Kompyuta huja kitufe hicho kikiwa kimezimwa, na wengi hawajawahi kukiona.

La nne, nakala mbili za kila kitu muhimu, moja kati ya hizo isikae ikiwa imechomekwa. Virusi vya kudai fidia hufunga kila vinachokifikia, pamoja na diski ya nje iliyosahauliwa kwenye tundu.

Nyumbani

Nilirudi nyumbani nimejaa hekima ya kuwafundisha wengine. Jioni nikafungua laptopu yangu kuandika makala haya, na kabla ya kuanza nikaitazama ngao. Kijani. Habari mpya za virusi: leo asubuhi. Nikaona nimefaulu.

Kisha nikakumbuka jambo moja nililolisoma: Defender ina orodha ya misamaha, mafaili na folda ambazo mwenye kompyuta ameiamuru isiziangalie. Nikaitafuta. Orodha ilikuwa na mstari mmoja. Diski D, yote.

Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma, katika haraka ya kumaliza ripoti, nilitaka Office bila ya kuilipia. Maelekezo yaliniambia niiamuru antivirusi iiache diski ile, nami nikaiamuru, kazi ikaenda, nikasahau. Kwa miaka mitatu mafaili ya flashi zote nilizochomeka, picha zote za familia, barua zile tatu zenyewe, vyote nilikuwa nikivihifadhi mahali ambapo mlinzi alikatazwa kupita. Alinitii. Kila asubuhi aliniwashia kijani, kwa sababu bandari niliyomkabidhi ilikuwa salama.

Kwa hivyo lile swali la kijana, kwamba flashi nimeichomeka wapi na wapi, jibu lake la mwanzo lilikuwa hapa nyumbani. Nimeufuta ule mstari, nimeiondoa ile Office, na ukaguzi wa diski D umechukua usiku mzima. Nitakaporudi Wete nitapita pale steshenari kumwambia. Foleni yake ya mafua huenda iliambukizwa na mimi.